Kiraka cha Dirty COW: mimi ninakisoma namna ingine



Jumamosi iliyopita, kwenye mkutano wetu, mdogo wetu mmoja wa promosyo ya mwisho alitusomea kiraka cha Dirty COW mstari kwa mstari. Akamaliza kwa kusema kwamba kila mwanafunzi wa informatike angepaswa kukisoma sawa vile wenzetu wa letre wanavyosoma riwaya kubwa. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana mtoto alijua kusema. Kisha nikarudi nyumbani, courant ilikuwa imerudi, nikakisoma tena mpaka karibu saa nane za usiku. Nusu ya maneno yake ninakubali. Nusu ingine, hapana, na iko na sababu inayonihusu mimi mwenyewe, nitaifikia.

Kwanza tueleze, maana humu kuko pia watu wa droit na wa agronomie, na hawakukosa kitu kwa kutojua hii habari.

Keneli ni kile kiini cha sisteme kinachokaa kati ya programu na masini. Programu ikitaka memwari, faili, mtandao, lazima iombe kwake. Ni sawa na karani wa ofisi ya commune: yeye njo anashika kitabu kikubwa, wewe unakaa upande wa pili wa meza. Mtu ambaye hana ruhusa ya kuandika ndani ya kitabu anaweza kukisoma, basi. Lakini karani ana ukarimu mmoja: ukitaka kuandika kitu chako binafsi juu ya ukurasa fulani, anakutolea fotokopi, unaandika juu ya fotokopi, kitabu chenyewe kinabaki safi. Ile njia ya kunakili wakati mtu anataka kuandika njo kwa Kiingereza wanaiita copy-on-write, na kwa kufupisha inakuwa COW, ng'ombe. Ndipo wakachora ng'ombe mchafu awe alama ya lile tundu. (Mie niliyezaliwa kwa wafugaji, ule mchoro haukunifurahisha, lakini tupite.)

Sasa angalieni kosa lilikaa wapi. Mtu anakuja na karatasi ya ombi: « nataka kuandika juu ya ukurasa huu ». Karani anatengeneza fotokopi. Kiisha, kwa kuwa fotokopi imeshatengenezwa, anafuta neno « kuandika » kwenye karatasi ya ombi, anaona halina kazi tena, halafu anarudi mara ya pili kuchukua ile fotokopi na kuileta mezani. Kati ya mara ya kwanza na ya pili kuko nafasi ndogo sana. Ndani ya nafasi ile, mwenzake yule mtu, aliyeingia naye pamoja, anasema: « ile fotokopi hatuitaki tena, itupeni ». Inatupwa. Karani anarudi, fotokopi hakuna, anaangalia karatasi ya ombi, haioni tena neno « kuandika », anafikiri ni msomaji tu. Anamletea kitabu chenyewe. Na yule mtu bado ameshika kalamu.

Ukijaribu mara moja utakosa. Lakini ordinatere inajaribu maelfu ya mara bila kuchoka, na siku inapopata, mtu mwenye konti ndogo anaandika ndani ya faili ambalo lilikuwa la kusomwa tu, kwa mfano programu inayoendeshwa kwa mamlaka ya mkubwa wa masini yote. Kuanzia hapo yeye njo mkubwa. Nambari rasmi ya tundu ni CVE-2016-5195. Matoleo ya Linux yaliyokuwa wazi yanahesabiwa tangu 2.6.22, ya mwaka 2007. Miaka tisa.

Kiraka kilitoka Oktoba 2016, kimeandikwa na Linus Torvalds mwenyewe. Kinagusa mafaili mawili, na mistari yake haifike ishirini. Mdogo wetu alisifu ufupi huo, naye ana haki. Badala ya kumpa karani sheria mpya kumi, Torvalds alimkataza kitu kimoja: usifute neno « kuandika ». Liache. Ongeza tu alama pembeni, FOLL_COW, ya kusema « fotokopi ilikwisha kutengenezwa ». Na ukirudi mara ya pili, usiamini alama peke yake, angalia kama karatasi unayoshika imechafuka kwa wino, maana iliyo na wino ni fotokopi. Kama haiko na wino, anza upya.

Huo ni uandishi mzuri. Ugonjwa ulikuwa kwamba karani anasahau mtu alikuja kufanya nini, na dawa ni kumkumbusha. Nimeona viraka vingi vinavyoongeza kufuli juu ya kufuli bila kuuliza mwizi alipita wapi. Hiki kiliuliza.

Lakini kwangu sehemu bora ya kiraka si kodi. Ni maelezo yaliyo juu yake. Pale, Torvalds anaanza kwa kusema kwamba hili ni kosa la zamani sana, na kwamba yeye mwenyewe alijaribu kulirekebisha miaka kumi na moja mbele, vibaya. Neno la « vibaya » aliliweka yeye, hakuna mtu aliyemsukuma. Anaendelea kusema kwamba lile rekebisho la mwaka 2005 lilifutwa kwa sababu ya matatizo kwenye s390, zile masini kubwa za IBM ambazo zilikuwa na namna yao ya kuweka alama ya wino. Na anasema kwamba kitu ambacho wakati ule kilionekana kama hatari ya kufikirika tu, kimekuwa rahisi zaidi kutokea, maana sehemu ya keneli inayoshughulika na memwari ilikua. Hata mtu aliyeleta habari, Phil Oester, anashukuriwa pale kwa mzaha mdogo: ndani ya jina lake wameingiza maneno ya kusema kwamba yeye si Paul. Inaonekana mtu alikuwa amekosea jina, na kosa hilo nalo likarekebishwa mbele ya watu wote.

Hapa Bukavu nimesoma ripoti nyingi za kazi. Bado sijasoma hata moja inayoanza na « nilifanya hii kazi mara ya kwanza na niliifanya vibaya ».

Basi mpaka hapa niko pamoja na mdogo wetu. Ninaachana naye pale anaposema kiraka ni kazi iliyokamilika. Maana maelezo yaleyale, ukiyasoma polepole, yanamshtaki mwandishi wake zaidi kuliko anavyokiri.

Torvalds anaandika kwamba tatizo la s390 lilikwisha siku nyingi, na anataja toleo ambamo lilikwisha: 3.9. Toleo 3.9 lilitoka mwaka 2013. Mnaona? Rekebisho la 2005 liliondolewa kwa sababu ya kizuizi kimoja tu. Kizuizi kikaondoka 2013. Hakuna mtu aliyerudi. Miaka mitatu mizima njia ilikuwa nyeupe, dawa inajulikana, mgonjwa anajulikana, na hakuna aliyesema: wandugu, kuko kitu tuliweka pembeni Agosti 2005, tukichukue sasa. Aliyerudi mbele ya wengine ni mwizi. Phil Oester hakuligundua tundu kwa kusoma kodi. Alikuwa na desturi ya kuhifadhi data zote zinazoingia kwenye masini zake kupitia mtandao, na siku moja, ndani ya zile data, akakuta silaha imekwisha kutumika juu yake.

Mtu ataniambia: keneli ni mamilioni ya mistari, nani anaweza kukumbuka? Kweli. Lakini kiraka kilichoondolewa si sawa na kosa lisilojulikana. Kosa lisilojulikana, hakuna wa kulaumu. Kiraka kilichoondolewa ni deni lililoandikwa, lina tarehe na jina la mdaiwa. Hapo njo ukosoaji wangu wa kwanza, na ninaona ukiri wa Torvalds, pamoja na uzuri wake wote, unaupita haraka: anatuambia alijaribu vibaya, lakini hatuambii kwa nini, nyuma ya kujaribu vibaya, mlango wa kujaribu tena haukuwekewa hata kengele.

Ukosoaji wa pili ni wa wino wenyewe. Kiraka kinaamini kwamba karatasi yenye wino ni fotokopi. Kwa kurasa za kawaida ilikuwa kweli. Lakini keneli ina kurasa kubwa pia: ukurasa wa kawaida ni kilobaiti 4, ule mkubwa ni megabaiti 2, na kurasa kubwa zina njia yao ndani ya kodi. Kanuni ileile ya wino ilipopelekwa kule, ilikuta mstari mwingine, wa zamani, uliokuwa unaweka alama ya wino juu ya ukurasa hata kama mtu amepita kusoma tu. Kwa hiyo wino haukuthibitisha kitu. Novemba 2017 watafiti wa Bindecy wakaonyesha tundu jipya lililozaliwa na dawa ya tundu la kwanza, CVE-2017-1000405, ambalo watu waliliita Huge Dirty COW. Halikuwa na nguvu kama ya lile la kwanza, halikuweza kuandika ndani ya faili lolote unalotaka. Lakini lilipita katikati ya kiraka ambacho kila mtu alikuwa amekisifu mwaka mmoja mbele.

Tena haikuishia hapo. Agosti 2022, nyuma ya tundu lingine la ukoo huohuo, CVE-2022-2590, David Hildenbrand aliiondoa kabisa ile alama ya FOLL_COW ndani ya keneli. Njia ya kujua kama fotokopi ni fotokopi ya kweli ilibidi iandikwe namna ingine. Yaani ule mstari ambao mdogo wetu alituambia tuukariri, haupo tena. Ameusoma kama maandishi juu ya jiwe, kumbe ilikuwa barua katikati ya barua zingine, kuna zilizotangulia na kuna zilizofuata. Simlaumu sana, mafundisho yetu yanatuzoesha hivyo. Tunapewa kodi kama jibu la mtihani.

Kuko na safari ingine ya kiraka ambayo haionekani ndani ya gup.c. Androidi inapanda juu ya Linux, basi tundu lilikuwa ndani ya simu pia. Kiraka kikitoka kwa Torvalds kinaenda kwa wale wanaotunza matoleo ya zamani, kisha Google, kisha aliyetengeneza chipu, kisha aliyetengeneza simu, kisha wewe. Google ilikiingiza kwenye marekebisho yake ya Desemba 2016. Lakini Septemba 2017, karibu mwaka mzima nyuma ya kiraka, kampuni ya Trend Micro ilieleza habari za programu mbaya iitwayo ZNIU iliyokuwa inatumia tundu hilohilo kwenye Androidi, imefichwa ndani ya aplikasyo zaidi ya 1.200, na huko China ikawa inakula pesa za watu kupitia SMS za malipo.

Siku ya pili nilimwambia mama mdogo: « Mama mdogo, nipe simu yako kidogo. »

« Iko na nini tena? Si juzi ulisema ni nzima? »

Nikafungua Paramètres, nikatafuta Niveau du correctif de sécurité. Tarehe: Agosti 2016. Hiyo simu ni ya okazyo, alishainunua ikiwa imezeeka, na ndani yake anashika pesa za likelemba la wamama kumi na wawili. Kiraka cha mdogo wetu, ile kazi bora, hakijawahi kumfikia, na hakitamfikia. Nilimrudishia simu, nikamwambia asiingize aplikasyo yoyote anayotumiwa na watu. Akaniuliza kama simu imeharibika. Nikasema hapana. Sikujua kumwambia namna ingine.

Sasa nifike kwangu.

Mwaka 2016 nilikuwa nashughulika na serveri ya shule moja kubwa hapa mjini, sitaitaja. Ndani yake kulikuwa na pointi za wanafunzi wote, na pia konti za wanafunzi wa informatike waliokuwa wanafanya mazoezi. Mnaelewa uzito wake: Dirty COW haihitaji mtu wa mbali, inahitaji mtu aliye tayari ndani na konti ndogo. Tulikuwa nao zaidi ya arobaini. Mwezi wa Novemba nilisoma habari za tundu, nikanunua mega kwa pesa yangu, nikashusha keneli mpya usiku, nikaiweka. Asubuhi nikaandika ripoti: tundu limefungwa, kazi imekwisha. Nikatia sahihi.

Sikuzima serveri na kuiwasha tena. Wenzangu wa informatike wameshaelewa. Kwa wengine: keneli mpya ukiiweka, inalala kwenye disko. Inayofanya kazi ni ileile ya zamani, iliyo ndani ya memwari, mpaka masini izimwe na kuwashwa. Ni kama kumteua karani mpya na kumwacha wa zamani akae mezani. Kwa nini sikuizima? Sababu mara ya mwisho tulipoizima ilikataa kuwaka siku mbili nzima, na nilitukanwa mbele ya watu. Na pia, niseme ukweli wote, tulikuwa tunajivunia kwamba iko siku zaidi ya 200 bila kuzimwa.

Februari 2017 pointi za somo moja zilikutwa hazilingani na karatasi za profesa. Wanafunzi watatu walikuwa wamepanda. Wakafanya komisyo. Mama mmoja aliyekuwa anaingiza pointi ndani ya masini aliitwa, akakana. Mimi pia niliitwa, wakaniuliza swali moja: mtu angeweza kuingia kwa njia ya masini, bila nenosiri la huyu mama? Nikatoa ripoti yangu ya Novemba. Nikasema hapana, tundu tulilifunga. Karatasi ile ilitosha. Mama akaondolewa kwenye kazi ya pointi, na nyuma ya miezi michache akaondolewa kabisa.

Machi, courant ilikatika usiku, na onduleur ikachoka. Serveri ikazimika. Asubuhi ikawaka yenyewe, salama. Nilipoingia kuangalia kama kila kitu kiko sawa, nikaandika uname -r, na jibu likanionyesha keneli mpya. Nikabaki nikiangalia. Kama leo inaonyesha mpya, basi mpaka jana ilikuwa ya zamani. Kwa hiyo kukatika kwa umeme njo kulifunga tundu, si mimi. Tangu Novemba mpaka ile usiku, ripoti yangu ilikuwa uongo, na komisyo ilikuwa imeutumia.

Sikusema kitu. Sina ushahidi kwamba mwanafunzi yeyote alipita pale, na Dirty COW haiachi alama nyingi. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Lakini komisyo haikuniuliza kama kuko ushahidi, iliniuliza kama inawezekana. Jibu lilikuwa ndiyo.

Ndiyo maana ule mstari wa kwanza wa maelezo ya Torvalds, ambao mdogo wetu aliusoma haraka ili afike kwenye kodi, mimi uliniamsha usiku wa Jumamosi. Yeye alirudi kwenye karatasi yake ya 2005 na kuandika juu yake. Kwa kuchelewa, na kwa kusukumwa na mwizi, lakini alirudi.

Mimi nimeandika yangu jana, ni fupi: « Ripoti yangu ya Novemba 2016 inasema tundu limefungwa. Haikuwa kweli tarehe ile. Keneli mpya ilianza kufanya kazi Machi 2017, nyuma ya umeme kukatika. Katika Februari 2017 mtu mwenye konti ya mwanafunzi angeweza kubadili pointi bila nenosiri la mtu yeyote. Nilipoulizwa nilisema haiwezekani, na nilikosea. » Sahihi, tarehe, nakala tatu.

Moja itaenda kwa sekretere akademike, moja nitabaki nayo. Ya tatu ni ya yule mama. Siku hizi anauza unga wa muhogo kwenye soko la Kadutu, upande wa kushuka. Nitaanza kwake, Jumatatu, mbele ya kupanda kule shuleni.